Tunis: Mji Unaokunywa Maji ya Mbali



Wanafunzi wetu wanapofika kwenye somo la jiografia ya nchi zinazozunguka Bahari ya Kati, yaani Mediterania, huambiwa kwamba kiangazi huko ni cha joto na ukavu, na mvua hunyesha wakati wa baridi. Huandika sentensi hiyo daftarini, wakafaulu mtihani, na habari huishia hapo. Sisi tunaona sentensi hiyo ni fupi mno kwa kazi iliyofanya. Katika mji wa Tunis, mji mkuu wa Tunisia, mvua hiyo ya wakati wa baridi imeamua nani alipe kodi na nani asamehewe, imewaondoa watawala, na imechangia kuitia nchi nzima mikononi mwa wageni.

Wengi wetu tunaijua Tunis kwa mambo mawili, Msikiti wa Zaytuna na Ibn Khaldun. Hayo ni mazuri na tutayataja. Lakini leo tunataka kuuangalia mji wenyewe na ardhi inayouzunguka: unakunywa nini, unakula nini, na vitu hivyo hutoka wapi.

Mvua isiyorudi mara ya pili

Kwetu huku kwenye nchi za maziwa, mkulima akikosa masika bado ana vuli ya kutazamia. Tunis haina vuli. Mvua huanza Septemba ikielekea kwisha au Oktoba, ikaendelea mpaka Aprili, kisha mbingu hufungwa. Julai hupita karibu bila tone. Kwa mwaka mzima hupatikana takriban milimita 450 hadi 470 tu, wakati Kampala hupata zaidi ya 1,200. Agosti joto la mchana hufika wastani wa nyuzi 33, na ukivuma upepo wa jangwani ambao wenyeji wanauita shehili, hupanda sana kupita hapo. Mnamo Julai 2023 kipimo mjini Tunis kilikaribia nyuzi 49.

Ngano hupandwa baada ya mvua za kwanza na kuvunwa Juni. Ikiwa Novemba na Desemba zimepita kavu, au mvua ya Machi imekosekana punje zinapojaa, mwaka umekwisha. Hakuna msimu mwingine wa kufidia. Mzeituni ni mvumilivu zaidi, ndiyo maana umekuwa tegemeo la watu wa pwani ile tangu zama za kale.

Sasa tazama mji ulipokaa. Upande wa mashariki kuna ziwa la maji ya chumvi lenye kina kifupi, wanaloliita al-Buhayra, na ng’ambo yake ndiyo bahari yenyewe na bandari ya Halq al-Wadi, ambayo Wafaransa waliiita La Goulette. Hakuna mto unaopita mjini. Majumba ya zamani yalikuwa na birika chini ya ua la ndani, mvua ikinyesha juu ya paa huteremka humo na kuhifadhiwa. Maji mengi matamu yako mlimani Zaghouan, zaidi ya kilomita 50 kusini. Ngano iko Béja na bonde la mto Medjerda, upande wa magharibi, na mto wenyewe unaanzia Algeria. Mafuta ya zeituni yanatoka Sahel, pwani ya Sousse na Monastir. Kwa maneno mengine, mji huu haujawahi kujilisha wala kujinywesha wenyewe. Umeishi kwa vitu vya watu wa bara, na swali la historia yake yote ni hili: watu wa bara walipata nini badala yake?

Matao ya Zaghouan

Warumi ndio waliojenga mfereji wa kwanza wa kuleta maji kutoka Zaghouan, katika karne ya 2, nao haukwenda Tunis bali Carthage, mji mkubwa uliokuwa kando ya bahari. Ujenzi huo hunasibishwa na mfalme Hadrian. Wanahistoria wa Kirumi walisimulia kwamba alipofika Afrika mvua ilinyesha baada ya ukame wa miaka mitano, na watu wakampenda kwa sababu hiyo. Pamoja na matawi yake mfereji ulifika urefu wa kilomita 132 hivi, sehemu nyingine chini ya ardhi na sehemu nyingine juu ya matao marefu ambayo mengi bado yamesimama.

Mwaka 79 Hijria (698 M) Hassan ibn al-Nu‘man aliitwaa Carthage kutoka kwa Warumi wa Mashariki. Mji ule ulikuwa wazi kwa manowari za adui, kwa hiyo hakuufanya makazi. Alichagua Tunis iliyojificha nyuma ya ziwa, akafungua njia ya maji mpaka baharini na kuweka karakana ya kujengea majahazi. Msikiti wa Zaytuna, ambao jina lake lina maana ya mzeituni, wengine huunasibisha naye na wengine na gavana Ubaydullah ibn al-Habhab miaka ya 730. Jengo tunaloliona leo kwa sehemu kubwa ni la Waaghlabi, la mwaka 250 H (864 M), na nguzo zake nyingi zilichukuliwa kutoka kwenye magofu ya Carthage. Hata hivyo makao makuu ya Ifriqiya (jina ambalo baadaye bara letu zima lilirithi) yalikuwa Kairouan, mji wa Uqba ibn Nafi‘. Tunis ilikuwa mji mkuu chini ya Muwahhidun katika karne ya 12, kisha ikakaa hivyo chini ya Banu Hafs tangu 1229.

Mtawala wa Hafsi, al-Mustansir, aliukarabati mfereji ule wa Kirumi katikati ya karne ya 13 na kuugeuza uje Tunis. Sehemu ya maji ilipelekwa Zaytuna ili watu watawadhe na kunywa. Sehemu kubwa zaidi, tuseme ukweli, ilikwenda kwenye bustani zake za Abu Fihr, karibu na Ariana, penye bwawa kubwa la kuogelea na kupiga makasia.

Ni huyu huyu al-Mustansir aliyevamiwa na mfalme Louis wa 9 wa Ufaransa mwaka 1270. Jeshi la msalaba lilitua Carthage mwezi wa Julai. Mwenye kuijua hali ya hewa ya pale asingechagua mwezi huo: jua kali, maji machache na machafu, askari maelfu wamejazana mahali pamoja. Ugonjwa wa kuhara ukaingia kambini, na tarehe 25 Agosti mfalme mwenyewe akafa. Al-Mustansir alilipa fedha nyingi ili waliobaki waondoke, na mkataba wa biashara ukaandikwa. Vita viliamuliwa na kiangazi zaidi kuliko na panga.

Ibn Khaldun alizaliwa Tunis mwaka 732 H (1332 M), akawapoteza wazazi wake katika tauni kubwa ya miaka ya 1348 na 1349. Katika Muqaddima yake alieleza kwamba dola ikiwa changa hutoza kodi ndogo na kupata mapato makubwa, na ikizeeka hutoza kodi kubwa na kupata mapato madogo, kwa sababu mkulima aliyebebeshwa mzigo huacha kulima. Wataalamu wa uchumi wa nchi za Magharibi wameirudia hoja hiyo katika karne ya 20 kwa heshima kubwa. Inasikitisha kwamba mji wake mwenyewe ulikuja kuithibitisha kwa uchungu miaka mia tano baada yake.

Serikali iliyofuata majira

Waturuki wa Uthmani chini ya Sinan Pasha waliichukua Tunis mwaka 1574, baada ya Wahispania kuishikilia kwa vipindi tangu 1535. Istanbul ilikuwa mbali, na polepole madaraka yalibaki kwa wakubwa wa pale pale. Kuanzia 1705 ukoo wa Husayn ibn Ali ulishika cheo cha Bey na kukirithishana mpaka 1957.

Namna ya kutawala ya Mabey hawa inastahili kuelezwa, kwa kuwa ni mfano wa serikali iliyojipanga kwa kalenda ya mvua. Kila mwaka ulitoka msafara wa kijeshi ulioitwa mahalla, ukiongozwa na mrithi wa kiti, ambaye ndiye Bey wa mahalla. Wakati wa baridi ulikwenda kusini mpaka nchi ya Jerid, msimu wa tende. Wakati wa kiangazi ulikwenda Béja, ngano ikiwa imekwisha kuvunwa. Ulibeba mahema, askari, makarani na makadhi, ukakusanya kodi na wakati huo huo kuamua kesi za watu. Kwa mkazi wa kijiji cha bara, hiyo ndiyo ilikuwa serikali: mara moja kwa mwaka, mazao yakiwa tayari. Nafaka ya dola iliwekwa kwenye maghala ya Rabta, mjini Tunis.

Uchumi wa mji wenyewe ulikuwa wa ufundi na biashara. Mwaka 1609 Uhispania ilianza kuwafukuza Waislamu wake wa mwisho, wale waliolazimishwa ubatizo na kuitwa Moriscos, na maelfu yao wakapokelewa Tunis na Uthman Dey. Walileta elimu ya bustani, ya umwagiliaji, na kazi moja iliyoupatia mji jina duniani: kofia nyekundu ya sufi iitwayo shashiya, ndugu wa tarbushi wanayoikumbuka wazee wetu.

Tunaipenda habari ya kofia hii kwa kuwa ndani yake umo mkoa mzima. Sufi iliagizwa kutoka Uhispania. Wanawake wa Ariana waliifuma majumbani mwao. Ikapelekwa al-Battan, kando ya mto Medjerda, kupondwa kwa maji ya moto na nguvu ya mto mpaka ikashikana. Ikachanwa kwa miiba ya mmea uliolimwa al-Alia. Ikatiwa rangi nyekundu Zaghouan, maana maji ya kule yalisifiwa kuishika rangi vizuri. Mwisho ikarudi Tunis kwa wakubwa wa soko la shashiya, karibu na Zaytuna, wakaimaliza na kuiuza Istanbul, Misri, Tripoli na ng’ambo ya Sahara. Viwanda vya Ulaya vilipoanza kutengeneza kofia za bei rahisi katika karne ya 19, pigo halikuwafikia matajiri wa soko peke yao. Lilifika pia kwa mama mfumaji wa Ariana.

Katiba, kodi na mkopo

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo.

Ahmad Bey aliyetawala kati ya 1837 na 1855 aliona Wafaransa wameingia Algeria mwaka 1830 na Waturuki wamerudi Tripoli mwaka 1835, naye yuko katikati. Akaamua kujenga jeshi la kisasa. Alifungua chuo cha kijeshi Bardo mwaka 1840, akajenga kiwanda cha nguo na kasri kubwa la Mohamedia, ambalo leo ni magofu. Jambo lake litakalobaki kukumbukwa kwa wema ni kwamba alifunga soko la watumwa la Tunis mwaka 1841, na Januari 1846 (1262 H) akapiga marufuku utumwa katika nchi yote, miaka miwili kabla ya Ufaransa kuufuta kwenye makoloni yake. Alitafuta kauli za maulamaa kabla ya kutangaza, na hoja ilijengwa juu ya sharia: watu wengi walikuwa wametekwa bila haki, na mabwana hawatimizi masharti ya kuwatendea wema.

Lakini jeshi linataka mshahara. Kodi zilikabidhiwa watu binafsi wazikusanye kwa faida yao. Mkubwa wao, Mahmud ibn Ayyad, aliyesimamia maghala ya nafaka na hata benki ya dola, alikwenda Ufaransa mwaka 1852 na mali isiyo na hesabu, akajipatia uraia wa huko. Juu ya yote alikaa waziri Mustafa Khaznadar, mzaliwa wa kisiwa cha Chios aliyeletwa Tunis utotoni, akashika hazina tangu 1837 na kubaki na madaraka mpaka 1873 chini ya Mabey watatu.

Mwaka 1856 Muhammad Bey alianzisha kodi ya kichwa iliyoitwa majba, riale 36 kwa kila mwanamume mzima. Wazee wa Uganda na Burundi wanajua kodi ya kichwa ni nini, hatuna haja ya kuieleza. Wasamehewa walikuwa nani? Wakazi wa Tunis, Kairouan, Sousse, Monastir na Sfax. Yaani mji mkuu haukulipa. Alilipa mchungaji na mkulima wa bara, yule yule anayetegemea mvua.

Mwaka uliofuata, baada ya kuuawa kwa hukumu Myahudi mmoja mwendesha mkokoteni aliyeshitakiwa kwa matusi ya dini, Ufaransa na Uingereza zilileta shinikizo, na Septemba 1857 Bey akatangaza ‘Ahd al-Aman, Ahadi ya Amani. Aliyeiandika ni katibu wake Ahmad ibn Abi al-Diyaf, mwanahistoria hodari na mtu mwenye dhamira. Ahadi hiyo iliwapa wakazi wote usalama wa nafsi, mali na heshima bila kujali dini, na iliwaruhusu wageni kumiliki ardhi. Mwaka 1858 likaundwa baraza la manispaa ya Tunis. Mwaka 1861 ikaja katiba, ya kwanza katika nchi za Kiarabu, na Baraza Kuu la watu 60. Vitabu vingi huisifu katiba hiyo na kuishia hapo. Wasomaji wetu waangalie pia nini kingine kilikuwa kikijengwa miaka hiyo hiyo.

Kati ya 1859 na 1862 Bey mpya, Muhammad al-Sadiq, aliajiri mhandisi wa Kifaransa kuufufua mfereji wa Zaghouan. Mji ulipata maji, na hatuwezi kuilaumu kazi yenyewe, kwani watu walikuwa na kiu. Lakini iligharimu mamilioni ya faranga ambayo hazina haikuwa nayo. Mwaka 1863 dola ilikopa nje kwa mara ya kwanza, faranga milioni 35, kutoka kwa benki ya Erlanger mjini Paris. Fungu kubwa lilikatwa kama ada na malipo ya madalali kabla fedha hazijavuka bahari, na riba ikahesabiwa juu ya kiasi kizima. Ili kulipa, waziri akaongeza majba mara mbili, kutoka riale 36 hadi 72.

Bara likawaka moto. Mwaka 1864 makabila yaliinuka chini ya Ali ibn Ghadhahim, na hata miji ya Sahel ikajiunga. Miongoni mwa madai yao ilikuwa katiba ifutwe! Wanafunzi huuliza kwa nini watu wakatae katiba yao wenyewe. Jibu ni kwamba hawakuwahi kuiona katiba hiyo. Walichokiona kikifika kijijini ni mtoza kodi, na mahakama mpya za mbali, na habari kwamba wageni wataruhusiwa kununua mashamba. Bey aliisimamisha katiba mwaka huo huo, haikurudi tena. Kisha, uasi ulipopoa, jeshi lilishuka Sahel na kuwatoza watu faini nzito mpaka wakauza mizeituni yao. Ibn Ghadhahim alifia gerezani Halq al-Wadi mwaka 1867.

Na juu ya hayo mvua ikakosekana. Mavuno yalifeli mfululizo, kipindupindu kikaingia, baada yake njaa na homa ya chawa katika 1867 na 1868. Watu wa bara walikimbilia mjini wakafa mitaani na milangoni mwa misikiti. Dola iliyokuwa imeuza kesho yake haikuwa na nafaka ya kugawa.

Mwaka 1869 Tunis ilitangazwa kufilisika. Iliundwa Tume ya Kimataifa ya Fedha, Wafaransa, Waingereza na Waitaliano ndani yake, deni likapangwa upya kuwa faranga milioni 125 kwa riba ya asilimia 5, na karibu nusu ya mapato ya dola yakawekwa moja kwa moja mikononi mwa wadai. Forodha ya bandari ikawa yao. Ndugu zetu, Ufaransa ilipovuka mpaka mwaka 1881 na kumfanya Bey atie sahihi mkataba tarehe 12 Mei, haikuiteka nchi iliyo huru. Ilikamilisha kazi iliyokuwa imefanywa kwenye daftari la hesabu miaka 12 nyuma.

Kati ya hapo kulikuwa na mtu mmoja aliyekaribia kuinusuru, Khayr al-Din, asili yake Circassia, aliyeongoza tume hiyo kisha akawa waziri mkuu kati ya 1873 na 1877. Alipunguza mizigo ya wakulima, akasamehe kodi kwa atakayepanda mizeituni na mitende mipya, akapanga usimamizi wa waqfu. Mwaka 1875 alifungua Chuo cha Sadiki, ambapo vijana walisoma Qur-aan na Kiarabu pamoja na hesabu, sayansi na lugha za Ulaya, na gharama zake zikatoka kwenye mashamba yaliyochukuliwa kutoka kwa Khaznadar. Hatujui waqfu mwingine wenye historia ya kupendeza namna hiyo. Fitina za kasri zilimwondoa, akaenda Istanbul na kuwa waziri mkuu wa Sultani.

Mji mpya juu ya tope

Wafaransa walimwacha Bey kitini na kumweka Mkazi Mkuu wao juu yake. Walijenga mji mpya kwenye ardhi ya tope kati ya mji wa kale na ziwa, wakachimba mfereji wa meli katikati ya ziwa, na mwaka 1893 bandari ya Tunis ikafunguliwa. Ardhi nzuri ya ngano katika bonde la Medjerda iliangukia kwa walowezi. Reli zikapangwa kushusha fosfati na nafaka pwani.

Uhuru ulipatikana tarehe 20 Machi 1956 chini ya Habib Bourguiba, aliyekuwa mwanafunzi wa Sadiki. Mwaka mmoja baadaye ufalme wa Mabey ukafutwa. Serikali yake ilisomesha watoto wa kike na wa kiume kwa wingi, jambo jema sana. Serikali hiyo hiyo ilivunja waqfu na kuipokonya Zaytuna ufundishaji wake wa karne nyingi, jambo ambalo Waislamu wengi wa Tunisia hawakulisahau.

Leo eneo la mji mkuu lina mikoa minne: Tunis, Ariana, Ben Arous na Manouba. Katika sensa ya 2014 lilikuwa na watu zaidi ya milioni 2.6, karibu robo ya nchi. Kila mkoa una gavana anayeteuliwa na rais. Benki kuu, wizara, uwanja mkubwa wa ndege na bandari ya makontena ya Radès vyote viko hapa, pamoja na viwanda vyepesi na utalii wa Carthage na mji wa kale. Jumuiya ya nchi za Kiarabu ilikaa hapa kutoka 1979 hadi 1990, na Benki ya Maendeleo ya Afrika ilihamia kutoka Abidjan kati ya 2003 na 2014. Mkuu wa manispaa aliitwa Shaykh al-Madina, na mwaka 2018 Souad Abderrahim alikuwa mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho. Mabaraza yote ya manispaa yalivunjwa na Rais Kais Saied Machi 2023.

Mkate ndio umebaki kuwa mahali ambapo mvua, hazina na serikali hukutana. Dola huulipia sehemu ya bei. Mwisho wa Desemba 1983 bei ilipopandishwa maradufu kwa ushauri wa wakopeshaji, ghasia zilianza mbali kusini, jangwani, zikafika Tunis katika siku chache, na watu wengi wakauawa. Tarehe 6 Januari 1984 Bourguiba alirudisha bei ya zamani. Mwaka 2010 tena moto ulianzia bara, Sidi Bouzid, kwa kijana muuza matunda, na tarehe 14 Januari 2011 ukafika kwenye barabara kuu ya mji na kumwondoa Ben Ali. Mara tatu basi, 1864, 1984 na 2011, habari imeanzia kule kunakotoka chakula na kumalizikia pale kinapoliwa.

Baada ya hapo ilikuja katiba ya 2014, na nyingine ya 2022 iliyompa rais nguvu zaidi. Mwaka 2022 serikali ilikubaliana kimsingi na Shirika la Fedha la Kimataifa kuhusu mkopo wa dola bilioni 1.9, sharti mojawapo likiwa kupunguza ruzuku. Aprili 2023 Rais Saied aliyakataa masharti hayo hadharani, akikumbusha waliokufa kwa ajili ya mkate mwaka 1984.

Majira hayo hayo mvua ilikuwa imekosekana kwa miaka kadhaa. Mabwawa ya nchi yalibaki na takriban theluthi moja ya maji yake. Siku ya mwisho ya Machi 2023 serikali ilipiga marufuku kutumia maji ya bomba kuoshea magari na kumwagilia mashamba mpaka mwisho wa Septemba, na mabomba ya mji yakaanza kufungwa usiku, saa tatu mpaka saa kumi alfajiri. Mavuno ya ngano yalianguka, na kiangazi kile misururu ilionekana mbele ya maduka ya mikate.

Sehemu kubwa ya maji ya Tunis sasa haitoki Zaghouan. Hutoka kwenye mabwawa ya kaskazini-magharibi, kubwa kuliko yote likiwa Sidi Salem juu ya Medjerda, na kuletwa na mfereji wa kisasa uliokamilika miaka ya 1980. Milimani kule, jirani kabisa na mabwawa hayo, bado vipo vijiji ambavyo havina bomba, na wanawake na watoto huteka maji chemchemini kwa punda na madumu.